Fonti nene kwenye bango: tazama matundu kwanza

Mteja akisema "nataka maandishi yaonekane hata na mtu aliyepanda bodaboda", wabunifu wengi hukimbilia fonti ya Impact kwa sababu ipo tayari kwenye kompyuta. Siwalaumu. Geoffrey Lee, Mwingereza aliyefanya kazi za matangazo, aliichora kwa ajili ya kiwanda cha herufi cha Stephenson Blake cha Sheffield, ikatoka mwaka 1965, na alichotaka ni kujaza wino mwingi kadiri inavyowezekana kwenye nafasi ndogo. Ndiyo maana herufi zake ndogo zinakaribia urefu wa zile kubwa, na mikia ya p na g ni mifupi mno. Shida ni kwamba watu wameizoea kwenye vile vichekesho vya mtandaoni vya maandishi meupe yenye ukingo mweusi. Tangazo la msiba kwa Impact? Hapana jamani.

Mimi naanza na fonti ya Anton, iliyochorwa na Vernon Adams. Ni ya bure kwenye Google Fonts, nayo imetokana na herufi za matangazo ya zamani, ila matundu yake, yaani zile nafasi tupu zilizozungukwa ndani ya herufi kama a na e, yamefunguliwa kidogo. Matundu hayo yananihangaisha kuliko kitu kingine, maana Kiswahili kimejaa a na e. Andika "wanawake" kwa herufi ndogo nene sana: tundu la kila a limebaki ufa tu. Chapa kwenye karatasi ya bei rahisi, wino utatambaa na kuziba ufa huo, na neno litageuka safu ya madoa. Maandishi meupe juu ya rangi nyeusi ni kinyume chake. Wino huzila herufi kutoka nje, kwa hiyo hapo unene ni msaada.

Ukihamia herufi kubwa, matundu yanapata nafuu lakini WA inaanza kusumbua. W na A zimelala upande mmoja, kwa hiyo zisiposogezwa karibu huacha pengo la mshazari katikati. Kwenye herufi nyembamba hulioni; kwenye nene, ambazo husimama zikigusana mabega, linaonekana toka mbali. Nasi tunaandika "wa", "kwa" na "wana" kila mstari! Kwenye kichwa cha habari, zisogeze kwa mkono, jozi baada ya jozi.

Maneno yetu nayo ni marefu. UJASIRIAMALI ina herufi 12, na fonti nene iliyo pana italazimisha uipunguze mpaka unene wote upoteze maana. Chagua iliyobanwa, kama Anton yenyewe au Bebas Neue, ingawa Bebas ni ya herufi kubwa tupu. Na umshawishi mteja apunguze maneno. Tarehe, ukumbi na namba ya simu viandike kwa fonti ya kawaida. Vyote vikiwa vinene, hakuna kinachosikika.

Anton ina unene mmoja tu, kwa hiyo usibonyeze kile kitufe cha B. Programu itainenepesha kwa kubahatisha na kuziba matundu yale yale.

Ukimaliza, geuza maandishi yawe michoro kabla ya kumpelekea mchapaji. Kompyuta yake isipokuwa na fonti hiyo inaweza kuweka nyingine bila kukuuliza, na UJASIRIAMALI yako ikamwagika nje ya bango.