Chumba kimoja baridi, cha jirani joto: kabla hujanunua themostati mpya

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Nasimamia jengo la ofisi hapa Dar es Salaam, na viyoyozi vyetu ni vya mfumo wa VAV (unaobadilisha wingi wa hewa). Tangu tubadilishe patisheni za ghorofa ya nne, chumba cha mikutano kina baridi kiasi kwamba watu wanaingia na makoti. Nimepandisha themostati yake mpaka 26, baridi haipungui. Ofisi ya pili yake, inayotazama magharibi, kuanzia saa nane mchana haikaliki kwa joto, ingawa nimeishusha mpaka 18. Fundi anataka tununue themostati mpya. Unashauri nini?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Hiyo pesa iweke kwanza.

VAV si kama kiyoyozi cha ukutani. Hewa inayotoka kwenye mashine kuu huwa na ubaridi uleule kwa vyumba vyote, mara nyingi karibu nyuzi 13. Kinachobadilika ni wingi wake. Juu ya dari, kila chumba au kundi la vyumba lina boksi lenye dampa (kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa), mota ya kuizungusha na kipimo cha hewa inayopita. Themostati huliomba boksi lita zaidi za hewa au lita chache. Haiwezi kuomba hewa yenye baridi kali zaidi.

Sasa rudia kusoma maelezo yako mwenyewe. Umeomba hewa ipungue chumba cha mikutano, joto likawa magharibi. Umeomba iongezeke magharibi, baridi ikawa kwenye mikutano. Patisheni nazo zilihamishwa. Mimi nashuku themostati zimepishana: ya chumba hiki inaendesha boksi la chumba kile. Niliwahi kukuta jambo hili katika jengo ambalo wapangaji walikuwa wamenuniana kwa miezi, kila mmoja akidhani mwenzake anachezea mitambo, kumbe kila aliyejitafutia nafuu alikuwa anamuumiza jirani bila kujua.

Kupima ni rahisi. Rudisha zote mbili kwenye 24 na uache vyumba vitulie. Kisha shusha ya magharibi mpaka 18, nenda chumba cha mikutano ukashike karatasi ya tishu mbele ya grili. Subiri dakika kumi hivi, maana mota za dampa huzunguka taratibu. Upepo ukiongezeka hapo badala ya kule, umempata mwizi: ni suala la kurekebisha waya, au anwani za maboksi kwenye kompyuta inayoendesha mfumo.

Zisipokuwa zimepishana, tafuta namba tatu za kila boksi: lita zinazoombwa, lita zinazopita na dampa imefunguka asilimia ngapi. Kanuni ya mkononi ni hii: wati za kupoza ni 1.2 mara lita kwa sekunde mara tofauti ya nyuzi kati ya chumba na hewa inayoingia. Tuseme boksi la mikutano limewekewa kiwango cha chini cha lita 120. Chumba kikiwa nyuzi 24, tofauti ni 11, hivyo linapoza kwa wati 1,584 hata kama ndani kuna taa tu. Ukifika hapo, kupandisha themostati hakusaidii, dampa imeshafika mwisho wake wa kufunga. Kwenye nchi za baridi boksi huwekewa hita. Kwa hapa kwetu sioni sababu ya kulipia umeme wa kupoza na tena wa kupasha. Weka sensa ya kaboni dioksidi, hewa tunayoitoa tukipumua, ili kiwango cha chini kishuke chumba kikiwa kitupu na kipande watu wakiingia. Usikishushe kiholela, watu wanahitaji hewa safi.

Kwa ofisi ya magharibi, jua likileta wati 3,000, zinahitajika lita kama 227. Boksi lililowekewa kiwango cha juu cha lita 150 litatoa wati 1,980 basi, hata uweke 18 au 10. Na asubuhi, kabla ya jua, hiyo 18 itawagandisha. Dampa ikiwa wazi kabisa na lita zinazopita ni chache kuliko zinazoombwa, angalia presha ya dakti (bomba kuu la hewa), filta, na ile mipira laini ya hewa kama haikukunjwa wakati wa ujenzi. Kompyuta ikisema wazi huku hakuna upepo, panda juu uone kwa macho: mara nyingi skrubu ya mota imelegea, inazunguka peke yake.

Jambo moja naomba msifanye: kupandisha hewa ya mashine kuu kutoka 13 hadi 16 au 17 ili chumba cha mikutano kipate nafuu. Hewa ya Dar imejaa unyevu, na ubaridi ule ndio unaoukamua. Mkiupunguza, ofisi ya magharibi itazidi kuwaka, na ghorofa nzima itaanza kunuka ukungu.