Kuandika butiloda kwenye flashi bila kuua jedwali la partisheni

Swali: Jambo Mkubwa. Niko Himbi, hapa Goma, nasoma informatiki. Nimeandika butiloda yangu, yaani programu ndogo ambayo mashini huisoma kwanza inapowaka, kwa asembli: sekta ya kwanza inachapa herufi moja, inasoma sekta ya pili, kisha inarukia huko. Niliiweka kwenye flashi kwa programu ndogo ya C inayofungua /dev/sdb (jina la flashi nzima kwenye Linux) na kumwaga baiti zote 1024. Kwenye QEMU, programu inayoigiza kompyuta, inawaka vizuri. Kwenye mashini yangu ya mtumba, yenye BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashini) ya zamani, naona herufi yangu kisha giza tu. Na flashi ambayo ilikuwa na sdb1, partisheni (sehemu ya diski) yenye kazi zangu za chuo, sasa Windows inadai niiformati. Nimeharibu nini?

Jibu: Mdogo wangu, kwanza usiiformati. Kazi zako bado zimo, na matatizo yako mawili yana mzizi mmoja.

Sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512, lakini si zote za kwako. Ni kama parseli yenye nyumba mbili: wewe umejenga mpaka kwenye kitanda cha jirani. Baiti 0 hadi 439 ni za msimbo. Kuanzia 440 kuna baiti nne za namba ya utambulisho wa diski, ambayo Windows huitegemea, halafu mbili ambazo kwa kawaida ni sifuri. Kuanzia 446 linakaa jedwali la partisheni, orodha ya sehemu za diski: mistari minne, kila mmoja baiti 16. Mwisho kabisa, kwenye 510 na 511, kuna 55 AA. Wewe uliacha nasm, kitafsiri chako cha asembli, ijaze sifuri mpaka 510, ukamwaga juu ya vyote. Jedwali limekuwa sifuri tupu, ndiyo maana sdb1 imepotea. Data yenyewe hukuigusa, kwa sababu partisheni ya kwanza siku hizi huanzia sekta ya 2048, na wewe uliandika sekta mbili tu.

Sasa giza. BIOS ikikuta flashi isiyo na mstari wowote wa jedwali wenye alama ya 80 (alama ya kuwasha), zipo zinazoichukulia kama floppy, diski laini ya zamani. Hapo flashi inapewa namba 00, na diski ya ndani inabaki 80. Bila shaka umeandika mov dl, 0x80 (DL ni rejista inayobeba namba ya diski) kabla ya int 0x13 (wito wa BIOS wa kusoma diski), kama wengi wanavyofanya. Basi msimbo wako unaenda kusoma sekta ya pili ya diski ya ndani na kurukia takataka. Kwenye QEMU diski ni moja tu, kosa halionekani. BIOS huacha namba ya diski iliyoiwasha ndani ya DL, ihifadhi, usiibuni:

jmp 0:anza
anza:
xor ax, ax
mov ds, ax
mov es, ax
mov ss, ax
mov sp, 0x7C00
mov [diski], dl

Ule mruko wa mwanzo si pambo. Zipo BIOS zinazoingia kwa 0000:7C00 na nyingine kwa 07C0:0000. Anwani ni ileile, CS, rejista ya segmenti ya msimbo, ni tofauti. Jambo jingine ambalo limewatesa watu: BIOS inayoichukua flashi kama floppy inaweza kubandika thamani zake kwenye kumbukumbu, pale ambapo FAT, mfumo wa faili wa flashi nyingi, huweka maelezo yake, kuanzia baiti ya 11. Msimbo wako ukiwa pale, unakatwa katikati. Kwa hiyo weka kabla ya yote hayo mruko mfupi wa baiti mbili na nop moja (amri isiyofanya kitu), acha sifuri mpaka baiti ya 90, uanzie hapo. Zitabaki baiti 350 za kazi, zinatosha.

Kuhusu programu yako ya C, kanuni ni kusoma kwanza, kubadilisha sehemu yako, ndipo kurudisha. Kwenye nasm badilisha mstari wa kujaza uwe times 440-($-$$) db 0. Ukizidisha msimbo, nasm yenyewe itakataa. Halafu:

uint8_t s[512];
int d = open(njia, O_RDWR | O_EXCL);
if (d < 0) return 1;
if (pread(d, s, 512, 0) != 512) return 1;
memcpy(s, msimbo, 440);
s[510] = 0x55; s[511] = 0xAA;
if (pwrite(d, s, 512, 0) != 512) return 1;
if (fsync(d) != 0) return 1;

Sekta ya pili iandike vivyo hivyo, kwa pwrite nyingine kwenye nafasi ya 512, kabla ya fsync. O_EXCL naipenda sana. Kwa kawaida bendera hiyo huenda na O_CREAT, lakini Linux ikiiona peke yake kwenye diski, inakataa kufungua kama partisheni yoyote ya diski hiyo imepachikwa (mount). Yaani ukikosea ukaandika /dev/sda, yenye mfumo unaoutumia sasa hivi, utapata EBUSY (kosa la diski inayotumika) badala ya kilio. Lakini isikufanye uache kutazama ukubwa kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski: sdb ya leo inaweza kuwa sdc kesho. Na fsync usiiruke. Bila hiyo data inaweza kuwa bado kwenye RAM wakati wewe unachomoa flashi, au umeme unapokatika, jambo ambalo sisi wa Goma hatuhitaji kuelezwa.

Kuirudisha sdb1: fungua fdisk, programu ya Linux ya kuhariri jedwali, tengeneza partisheni moja kuanzia 2048 hadi mwisho, aina c ikiwa ilikuwa FAT32, na uiwekee alama ya kuwasha kwa a. Ukiulizwa kama ifute alama ya vfat (ndiyo FAT), jibu hapana. Swali hilo lenyewe ni habari njema: maana yake fdisk imeikuta FAT yako palepale. Ikiwa haikuuliza, toka kwa q bila kuandika chochote, utumie testdisk kutafuta mwanzo halisi.

Mbinu hii usiipeleke kwenye diski ya GPT, mpangilio mpya wa partisheni. Sekta yake ya pili ina kichwa kinachoanza na EFI PART, na wewe ungekifuta. Diski yenye GRUB, butiloda ya Linux, pia iache: baada ya sekta ya kwanza ndipo GRUB inapoweka sehemu yake kubwa. Mashini mpya zenye UEFI (mrithi wa BIOS) tupu hazisomi msimbo huu kabisa. Zinatafuta faili \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI kwenye partisheni ya FAT, na hiyo ni kazi nyingine.

Ukishaandika upya, kabla ya kusoma sekta ya pili chapa thamani ya DL kwa int 0x10, AH=0x0E (wito wa kuchapa herufi), tarakimu mbili. Baada ya int 0x13 angalia bendera ya carry (ishara ya kosa); ikiwa imewaka, chapa AH pia, ndiyo namba ya kosa. Giza likiendelea, nitumie namba hizo mbili pamoja na aina ya mashini.