Springi ya Glock 19: Gen 4 haiingii kwenye Gen 3

Mkuu, umeuliza kama springi ya kurudisha slaidi (chuma cha juu cha bastola kinachokwenda nyuma na mbele) ya Gen 4, yaani toleo la nne, itakaa kwenye bastola yako ya Glock 19 Gen 3, toleo la tatu, kwa vile muuzaji kasema ni ile ile, hapana kaka, usinunue. Gen 3 ina springi moja, Gen 4 zipo mbili zimevaana kwenye fimbo moja, na tundu la mbele la slaidi yake ni kubwa zaidi. Mi ningechukua springi ya kiwandani ya Gen 3 kwanza, na mambo ya kulainisha triga achana nayo kabisa maana bastola unatembea nayo kiunoni. Kafungiwe na fundi mwenye leseni, na huku Mtwara na hii chumvi ya baharini mwambie aipake oili kidogo, halafu bila risasi avute slaidi airudishe taratibu, ikigoma kufunga mpaka mwisho mrudishie fundi palepale.