Gari la watu sita: ushuhuda wa nani uuamini

Wakuu, habari za jioni. (Mimi si mkuu wa chochote, ni mama wa watoto watatu wa huku Goba, Dar, ila humu ndivyo tunavyoitana.)

Kwa aliyeingia sasa hivi: mleta uzi ana mke, watoto watatu na mama yake mzazi anayeishi naye. Anatafuta gari lililoinuka kidogo, la kwenda kazini kila siku na kupanda nalo Iringa mwezi wa 12. Kasoma maoni ya wenye magari wiki tatu nzima, kaishia kuchanganyikiwa. X-Trail huyu anaiita kaburi, yule anaapa hajawahi kumiliki gari tamu kama hilo. Forester hivyo hivyo, CX-5 hivyo hivyo. Sasa anauliza, amwamini nani?

Nimesoma majibu yote. Kurasa nne watu wanatoana macho kuhusu Forester na CX-5, na hakuna hata mmoja aliyehesabu vichwa. Baba, mama, watoto watatu, bibi. Sita. Forester ina siti tano. CX-5 tano. Harrier, iwe ya zamani (tako la nyani) iwe mpya, tano. Mkuu, ushuhuda uliopewa huenda ni wa kweli mtupu, ila ni wa magari ambayo mama yako atabaki nyumbani. Kwa watu sita unabaki na Vanguard (uwe makini, zipo za siti tano na za siti saba), Outlander zile za CW5W (kodi ya modeli, iko mwanzoni mwa namba ya chesesi), Kluger yenye safu tatu, au X-Trail za kizazi cha T32 zenye safu ya tatu, maana nazo ziko za aina mbili. Hapo orodha yako imeshapungua kabla hujamsikiliza mtu yeyote.

Haya niliyapitia mwenyewe. Mume wangu anafanya kazi Makambako, gari kaniachia mimi nichague, akasema tu "lisinilaze porini." Nikanunua kaunta buku ya mtoto wa shule, nikachora safu: nani anasema, gari gani kwa namba ya chesesi, analo muda gani, analiendesha barabara ipi, na mwaka uliopita katoa hela kwa ajili ya nini. Nilikuwa nawauliza watu kwenye maegesho ya shule tukisubiri watoto, kanisani, kazini Posta. Nilipofika watu 19 nikaacha. Nikaanza kukata.

Wa kwanza kuwakata walikuwa wenye gari la miezi mitatu. Hawasemi uongo, wako fungate. Gari bado lina harufu ya yadi, kila kitu kizuri, halijapita hata sevisi mbili. Nikawakata na wale ambao hawakuweza kujibu ile safu ya mwisho. Mtu akikwambia "gari langu halijawahi kunisumbua", mwulize mara ya mwisho kubadilisha oil ya gia boksi ilikuwa lini na kilomita ngapi. Akianza kuangalia juu kama anatafuta jibu mbinguni, mshukuru, mpite.

Kuna wawili nitawasimulia kwa sababu ndio walionifungua macho. Walikuwa na magari ya aina moja, injini moja, gia boksi la CVT (nitalieleza hapo chini), yamepishana mwaka mmoja tu. Jina la gari sitaji maana najua mtaanza ubishi, na kosa lenyewe halikuwa la gari.

Mmoja mzee mstaafu, namkuta kila Ijumaa akimchukua mjukuu. Nilipomuuliza hakusema neno, alifungua boneti. Upande wa chini wa boneti kabandika vipande vya plasta nyeupe, kaandika kwa kalamu ya wino: oil ya injini, tarehe, kilomita, oil ya boksi, tarehe, kilomita, plagi, kulanti. Safu nzima kama kadi ya kliniki. Mwaka wa sita huo analo, na kapanda nalo mlima Kitonga wa njia ya Iringa mara nyingi kuliko anavyokumbuka.

Mwingine kijana wa ofisini kwetu. Yeye ndiye aliyekuwa akihubiri kila mahali kwamba gari lile ni kaburi, boksi limemfia ndani ya mwaka. Nikamwomba anioneshe. Alipofungua buti kutafuta karatasi, pembeni ya tairi la akiba kulikuwa na galoni lililobaki nusu. Oil nyekundu, imeandikwa ATF. Nikamuuliza hii ni ya nini. "Ya boksi, fundi alituma tukanunua." Kwa asiyejua: CVT haina gia za kawaida, ina mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili, na oil yake imetengenezwa ili ule mkanda ushike usiteleze. Kila kampuni inataja oil yake, kwa Nissan za kizazi kile ni NS-2, Toyota wana yao, Honda wana yao. Ukiweka ATF, yaani oil ya boksi la otomatiki la kawaida, mkanda unateleza, vyuma vinasagana, na unga wake unazunguka mle ndani mpaka kila kitu kiishe. Kijana hakujua, na fundi wake sijui kama alijua. Lakini watu wangapi walishamsikia akisema gari lile bovu? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaliandika kwenye kaunta buku kwa wino mwekundu.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia gari fulani baya, swali langu ni moja tu: lilikufa kwa kitu gani, na kabla ya hapo liliwekwa nini?

Halafu kuna suala la wingi. Mleta uzi kasema "X-Trail inalalamikiwa kuliko zote". Toka nje usimame Mwenge dakika kumi uhesabu X-Trail. Gari likiwa jingi, na walalamikaji wake ni wengi. Lile ambalo hulioni barabarani hutalisikia likilalamikiwa, na hapo ndipo watu wanaponasa: wananunua gari lisilo na lawama, wanakuja kugundua halina na spea. Kabla ya kufanya uamuzi mimi nilikwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani nikauliza bei ya vitu vitatu tu kwa kila gari: shokapu za mbele, taa ya mbele na kioo cha pembeni. Nikatazama wanajibu haraka kiasi gani. Kwa gari moja muuzaji alitaja bei hata kabla sijamaliza sentensi. Kwa lingine alisema "ngoja nimpigie mtu", akampigia mtu, na yule mtu naye akampigia mtu.

Mafundi nao wasikilizeni kwa akili. Fundi ni kama daktari, anaowaona wote ni wagonjwa. Gari zima haliendi kwake, kwa hiyo hesabu yake daima itakuwa mbaya. Cha maana anachojua ni ugonjwa gani unajirudia, na kuutibu ni shilingi ngapi. Usimuulize lipi zuri, kila mtu ana kabila lake la magari.

Wanaoangalia video za Wamarekani: jina ni moja, gari si moja. RAV4 waliyouziwa wao miaka ile ilikuwa na boksi la kawaida, ya Japani ya injini ya lita 2.4 tunayoletewa sisi ina CVT. Forester zao za zamani za 2.5 ndizo zenye sifa ya gasketi ya silinda hedi, nyingi za kwetu za Japani ni za 2.0. Mtu wa Ohio anaweza kulia kwa haki kabisa na kilio chake kisikuhusu. Ndiyo sababu nasisitiza namba ya chesesi. "Nina Vanguard" haitoshi. ACA38W ni ya kuvuta matairi mawili, ACA33W ni manne, GSA33W ni V6 ya 3.5, na huyo wa mwisho akikwambia gari linakunywa mafuta, bila shaka linakunywa.

Na barabara ya msemaji. Chukua CX-5 ya dizeli, maana humu imegombaniwa sana. Ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na lile chujio linajisafisha kwa kuyachoma masizi moto ukiwa mkubwa, yaani gari likitembea mwendo mrefu bila kukatishwa. Mtu wa Iringa anayekwenda Mbeya kila wiki atakwambia hajawahi kuona gari kama lile, na ni kweli. Mtu wa Kimara anayetumia saa mbili kufika Posta, simama, nenda, simama, atakwambia taa ya injini haizimiki. Naye ni kweli. Wewe jiulize unafanana na nani kati yao. Mleta uzi kasema ni kazini kila siku, Iringa mara moja kwa mwaka. Jibu lako umelitoa mwenyewe.

Mafuta. Hapa ndipo panapoongoza kwa uongo, mwingine wa bahati mbaya. "Lita moja kilomita 14" mara nyingi ni namba ya katalogi ya Japani, gari limepimwa maabara. Na yule wa "full tank nafika Moshi" hajasema kitu, toka Dar ni kama kilomita 550, tangi la lita 60 karibu lolote linakufikisha. Pima hivi: jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, weka tripu sifuri, tembea maisha yako ya kawaida, rudi kituo kile kile, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Langu, Goba mpaka Posta na kurudi, soko, shule, kanisa: kilomita 412, lita 48.6. Inakuja 8.5 kwa lita. Mume wangu hakuamini akarudia mwenyewe, akapata 8.3, kwa sababu yeye anakanyaga.

Ndiyo, nilinunua Vanguard, ya siti saba. 2.4. Nilijua injini inavuka cc 2000, na TRA (mamlaka ya mapato) wanakupandisha daraja la ushuru wa bidhaa toka asilimia 5 hadi 10 ukiagiza mwenyewe, ila ya kwangu ilikuwa imeshaingia nchini. La kwanza nililotaka kulinunua, yadi moja (jina naliacha) walinionesha kilomita 61,000. Nikaomba karatasi ya mnada wa Japani, inayoonesha kilomita za siku lilipouzwa, wakasema imepotea. Nikaitafuta mwenyewe kwa namba ya chesesi, ikaja: siku ya mnada Japani lilikuwa limeshatembea 138,000. Yule dalali hakuona hata haya, alisema "dada, si ulitaka yenye kilomita chache?"

Jambo jingine ambalo hamtaliona kwenye maoni: mtu huzoea ubovu wa gari lake mpaka hauoni. Mmoja aliniambia gari lake halina tatizo lolote, na pembeni ya siti kuna chupa ya lita moja ya oil ya injini imebaki robo. "Ah, hiyo naongezea tu kidogo kila baada ya wiki mbili." Kwake hilo si tatizo, ni desturi. Kwa hiyo usiulize "lina tatizo?" Uliza "unaongeza oil kati ya sevisi na sevisi?" Kisha omba kuchomoa kijiti cha kupimia oil uangalie mwenyewe.

Na siti za nyuma. Wenye magari ya siti saba niliowauliza wote walisema safu ya tatu inatosha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuikalia. Mwenye gari ndiye dereva! Nilimwomba mmoja anikubalie, nikampandisha mwanangu wa miaka 12, magoti yakamfika kidevuni. Wa miaka 8 alikaa vizuri. Tena safu ya tatu ikisimama, buti inabaki ya mabegi mawili ya shule, kwa hiyo kama Desemba mnarudi na gunia la viazi, weka keria juu na liwe kwenye bajeti. Safari yetu ya kwanza mizigo ilipanda miguuni mwa watoto mpaka Mikumi, hapo tukasimama kupanga upya.

Mkuu, umesema kesho kutwa unakwenda kuangalia moja Mbezi. Piga simu uwaambie wasiliwashe kabla hujafika, unataka kuliwasha wewe likiwa la baridi. Halafu usiridhike na kuzunguka mtaa mmoja. Boksi la CVT lenye ugonjwa mara nyingi linajificha likiwa la baridi, linaumbuka likishapata moto. Ingia nalo foleni nusu saa, kisha tafuta mlima, simama katikati, ondoa mguu kwenye breki taratibu, panda. Rudi kinyumenyume mlimani pia. Zima redio, sikiliza kama kuna mvumo unaopanda na mwendo.

Na mama umchukue. Mkwe wangu siku ile alizunguka gari, akachungulia safu ya tatu kupitia dirishani, akaniuliza, "Na hapa mnaweka kuku?" Siku hizi anakaa safu ya kati, dirisha la kushoto.