Meza ya Fundi: bodi imepasuka rangi, namba 43 ina utando

Barua za mwezi huu karibu zote ni za magari madogo, yale ya plastiki ya mashindano ya NASCAR ya Marekani ambayo mtu huyaunga mwenyewe kwa kipimo cha 1/24, yaani gari halisi lina urefu mara 24 ya hilo dogo. Mimi mchana napiga rangi magari makubwa hapa Mtwara, na jioni madogo, kwa hiyo nimezisoma kwa furaha. Nimeanza na ya kijana wa Mikindani, kwa sababu shida yake ni ya kila anayepaka rangi karibu na bahari.

Shikamoo fundi. Mjomba aliniletea boksi la gari la NASCAR. Nilinunua kopo la rangi ya gari, ile ya kupuliza, nikapuliza bodi jioni barazani mvua ilipokata. Asubuhi boneti ina nyufa ndogondogo na paa limeingia weupe. Je, nimeuziwa rangi mbovu? – Kijana wa Mikindani

Marahaba mwanangu. Rangi yako ni nzima. Una matatizo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Nyufa za boneti zimeletwa na thina. Rangi ya kopo ya gari imetengenezwa kwa ajili ya bati, na thina yake ni kali. Plastiki ya modeli ni polistaireni, na thina hiyo huila. Ukipuliza nzito mara moja, thina inakaa juu ya plastiki, inailainisha, na ikisharuka inaacha uso umechanika. Wapo wanaosema rangi ya gari haifai kabisa kwa modeli. Sikubaliani nao, maana inang'aa vizuri na inapatikana madukani kwetu. Lakini kwanza osha bodi kwa maji na sabuni ya vyombo, kwa sababu inatoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Halafu jaribu rangi kwenye ile fremu iliyoshikilia vipande, kwa kuwa ni plastiki ileile na mwisho wake ni kutupwa. Ikitulia hapo, anza na praima, ile rangi ya kwanza ya chini. Ipulize kutoka sentimita 20 hadi 25, nyepesi kiasi kwamba plastiki bado inaonekana, iache ikauke, kisha rudia. Mkono uanze kupuliza kabla ya bampa ya mbele na uachie ukishapita ya nyuma. Ukianzia katikati ya mlango, hapohapo rangi itatiririka.

Weupe wa paa ni unyevu. Thina inaporuka huupoza uso wa bodi, na hewa iliyojaa maji ikigusa pale palipopoa huacha maji ndani ya rangi kabla haijafunga. Wewe uko ghubani, ukapuliza jioni, tena baada ya mvua. Huku kwetu mwenye kupaka rangi anasikiliza upepo. Kaskazi na mvua zake, Desemba hadi Aprili, hewa imelowa na kila kopo lina mashaka. Kusi ikishashika, Juni hadi Septemba, ndiyo miezi ya kumaliza bodi zote ulizoziweka. Hata hapo nangoja saa nne asubuhi, umande umekauka na upepo wa bahari haujaanza kurusha mchanga. Kopo naliweka kwanza dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu ili rangi itoke laini. Nimesema uvuguvugu, mwanangu. Kopo la rangi halikai karibu na moto hata kidogo.

Sasa tuitengeneze hiyo bodi. Paa likiwa limefifia juujuu tu, subiri siku kavu ulipulizie tena wembamba, mara nyingi weupe huondoka. Boneti haina njia ya mkato. Itoe rangi. Mafuta ya breki ya DOT 3 huondoa rangi nyingi bila kuila polistaireni. Vaa glavu, tumbukiza bodi kwenye ndoo yenye mfuniko, kesho yake sugua kwa mswaki wa zamani. Vioo usivitie humo, na hayo mafuta usiyamwage mtaroni. Kisha chukua msasa wa maji namba 600 uisugue boneti mpaka kucha isikwame popote.

Nasisitiza rangi nyembamba kwa sababu ya hesabu hii. Kwa kipimo cha 1/24, rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na milimita 2.4 kwenye gari halisi. Hakuna gari lililopakwa hivyo. Mistari ya milango huzibwa na rangi ya aina hiyo, na macho yanalikataa gari kabla mtu hajajua kwa nini. Na kabla ya kuigusa, inuse. Ikiwa bado inatoa harufu ya thina, haijakauka ndani, hata kama kidole hakiachi alama. Ifunike kwa ndoo isiingie vumbi, ufanye shughuli nyingine.

Kaka fundi, kijana wangu ameunga gari la Richard Petty, la bluu na nyekundu. Kazi nzuri, ila kila namba 43 imezungukwa na utando wa fedhafedha. Amekata tamaa, anasema stika ni mbovu. – Mama wa Lindi mjini

Dada yangu, mwambie stika haina kosa, na asizibandue. Rangi yake ni ya kufifia, isiyong'aa, na uso wa namna hiyo una vishimo vidogo visivyoonekana. Stika ya maji ikilala juu yake, hewa inabaki vishimoni, na hiyo hewa ndiyo fedha anayoiona. Achukue sindano nyembamba, atoboe utando mahali pachache, apake kwa brashi maji yenye matone ya siki, kisha akandamize kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Siki hulainisha stika kidogo ikalala. Arudie akiona bado. Gari lijalo apulize kwanza klia ya kung'aa, ile inayopakwa juu na kuonyesha kilicho chini, ikauke kabisa, ndipo stika. Baada ya stika, klia nyingine nyembamba ya kuzifunga.

Na kwa kuwa amechagua gari hilo, ajue rangi zake zimetoka wapi. Husimuliwa kwamba bluu ya Petty, dereva wa hiyo namba 43, ilizaliwa gereji siku ambayo bluu haikutosha na nyeupe haikutosha, wakazichanganya. Mwaka 1972 kampuni ya STP ilipoingia kumdhamini ilitaka gari lote liwe jekundu. Petty akagoma kuiacha bluu yake, wakakubaliana zikae zote mbili. Nyekundu ile ni ya kuwaka, na haiwaki mpaka ipakwe juu ya nyeupe. Ikipakwa juu ya praima ya kijivu inakuwa matofali. Pale rangi mbili zinapokutana, akishabandika tepu apulize kwanza rangi ya chini ukingoni mwa tepu, izibe mianya, halafu ndiyo nyekundu. Tepu aitoe mapema, rangi ikiwa bado inanata kidogo.

Fundi, kioo cha mbele kimefanya ukungu mweupe nilipokibandika kwa supaglu. – Msomaji, Shangani

Mvuke wa supaglu ndio uliofanya hivyo. Kisugue taratibu kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Vioo vyote bandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu Masasi. Wanafunzi wangu wanataka kuunda gari la NASCAR, ila hatuna uwezo wa kununua maboksi. Tuanze na lipi, na kwa mti gani? – Mwalimu

Marahaba mwalimu. Barua yako nimeiweka mwisho ili nikujibu kwa nafasi. Undeni Chevrolet ya 1962 namba 34, ya Wendell Scott.

Scott alizaliwa Danville, Virginia, mwaka 1921. Alikuwa dereva na fundi wa gari lake mwenyewe, mtu mweusi katika mchezo ambao haukumtaka. Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, alishinda, akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda mbio za ngazi ya juu ya NASCAR. Lakini siku hiyo bendera ya ushindi walimpa dereva mwingine, Buck Baker. Watu walipokwisha kuondoka ndipo wasimamizi walipokiri kwamba Scott alikuwa mbele kwa mizunguko miwili. Alifariki mwaka 1990, na kombe rasmi familia yake ilikabidhiwa mwaka 2021. Nikilifikiria gari hilo moyo unauma, na ningependa sana lipatikane kwenye rafu ya shule kusini mwa Tanzania.

Kwa mikono ya wanafunzi nalo ni jepesi, lina pembe na pande zilizonyooka. Kwa 1/24 urefu ni karibu sentimita 22, upana nane na kidogo, na kutoka ekseli hadi ekseli kumi na mbili na nusu. Mpingo waachieni wachonga vinyago, ni mgumu mno na mzito. Chukueni ubao mkavu wa mwembe au paini. Chongeni umbo la pembeni kwanza, kisha la juu, kisha mviringishe kingo kwa msasa. Mti hunywa rangi, kwa hiyo pakeni sila ya mafundi seremala, msugue, mpake tena, mpaka mishipa ya mti isionekane mkiutazama ubavu kwenye mwanga wa dirisha. Ndipo praima. Tairi zitoke kwenye malapa yaliyokwisha, duara la sentimita tatu hivi, mkate kwa bomba lililonolewa ukingo.

Namba 34 ikae milangoni pande zote mbili na juu ya paa, kubwa, isomeke kutoka mbali. Iandikeni kwa brashi juu ya mstari wa penseli. Nitumie picha kabla hamjapuliza klia ya mwisho, maana namba iliyopinda bado inafutika wakati huo.