Fuata Namba ya Simu Pembeni mwa Ukuta: Kuitafuta Michoro ya Mtaani Arusha

Ukimuuliza mtu wa Arusha michoro inapatikana wapi, atakuelekeza kwenye maduka ya karibu na Mnara wa Saa au Soko la Wamasai, zinakotundikwa picha za Tingatinga. Picha hizo nazipenda na wanaozichora nawaheshimu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kopo za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, na hadi leo mkono wake unalisha familia nyingi. Lakini picha za dukani zimechorwa ili ziondoke na mgeni. Mimi nataka kuzungumzia zile zinazobaki: za milango ya vinyozi, kuta za bucha, gereji, mashine za kusaga na madarasa ya shule za msingi, zilizochorwa kwa ajili yetu tunaozipita kila asubuhi. Nimezunguka mitaa ya mji huu kwa miaka nikizitafuta, na naamini hii ndiyo hazina kubwa ya sanaa tuliyo nayo, tena haina kiingilio.

Ushauri wangu wa kwanza ndio mkubwa kuliko yote. Ukiona mchoro uliokupendeza, usiishie kuutazama. Angalia pembeni, chini kulia au chini kushoto. Mara nyingi utakuta jina la kazi la fundi na namba ya simu, wakati mwingine kwa herufi ndogo kuliko kucha. Ipige hiyo namba. Msalimie, mwambie umesimama mbele ya kazi yake, mtajie duka, kisha muulize ni wapi pengine amechora. Sijawahi kukutana na fundi wa mabango aliyechukizwa na simu ya namna hiyo. Wengi wanakuwa wamezoea kupigiwa na mtu anayetaka kupunguziwa bei, na wakisikia mtu anaulizia kazi zenyewe, wanafunguka. Mmoja wa Levolosi alinitajia kwa simu kuta za mitaa mitano, kichwani, bila kusita, na kwa kila ukuta akanieleza kama mwenye duka bado yupo au rangi imeshapigwa juu yake. Hakuna ramani ya mtandaoni inayoweza kukupa hayo.

Ukishafuata kazi za fundi mmoja, jicho linaanza kujifunza. Unajua huyu huanzia vichwa na nyuso, yule hana mpinzani kwenye herufi zenye kivuli, mwingine ng'ombe wake wote wanatazama kushoto. Kwenye ukuta wa bucha ng'ombe huyo anasimama mnene, ametulia, na mbuzi upande wa pili wa mlango. Kwa kinyozi vichwa vinapangwa safu, kila kimoja na mtindo wake, mistari ya wembe imechorwa kwa brashi nyembamba kiasi kwamba unajiuliza mkono ulitulia vipi. Gereji zina plagi, shokapu na betri, na zipo plagi nilizoziona ambazo fundi amezipa hadhi ya sura ya mtu: mwanga upande mmoja, giza upande mwingine, na nukta nyeupe mahali jua linapogonga chuma.

Siku ya kwenda ni Jumapili asubuhi, tangu saa moja na nusu hadi saa nne hivi. Sababu yake ni milango. Sehemu kubwa ya michoro ya maduka iko kwenye milango ya chuma, na duka likifunguliwa milango hiyo hukunjwa ukutani, halafu hutundikwa mabeseni, mikoba na nguo. Mtu anaweza kupita mbele ya duka miaka kumi asijue kuna chui mlangoni. Duka likifungwa, chui anaonekana. Lakini usidhani Jumapili inatosha. Arusha ina Wasabato wengi, na wao hufunga Jumamosi, kwa hiyo milango yao utaiona siku hiyo tu. Jioni baada ya maduka kufungwa sikushauri: mwanga umekwisha, na mtaa wenye milango iliyofungwa na watu wachache si mahali pa kusimama umeshika simu.

Mwanga nao una majira yake. Watu hulalamikia Juni na Julai kwa sababu ya baridi na mawingu, ila kwa picha za kuta hiyo ndiyo miezi bora. Wingu hutandaza mwanga sawasawa, rangi zinatoka kama zilivyo, na nguzo ya umeme haitupi kivuli katikati ya uso wa mtu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, tope la barabarani hurukia kuta na kuficha sehemu ya chini, ambako ndiko lilipo jina la fundi.

Kwa anayeanza, ningeanzia Soko Kuu, nizunguke Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, niingie Kaloleni. Hapo pana Makumbusho ya Azimio la Arusha, katika jengo ambalo halmashauri kuu ya TANU ilikutana Januari 1967, na mnara wenye Mwenge wa Uhuru uko jirani kwenye mzunguko. Ingia makumbusho ukipenda, kisha uendelee kwa miguu kupita Levolosi kuelekea Soko la Kilombero na Ngarenaro. Kifodi, yaani daladala ndogo, kitakufikisha haraka, lakini kwenye kifodi unaona upande mmoja tu wa barabara, tena kwa kupita.

Ngarenaro inastahili asubuhi nzima. Ndiko lilikotoka kundi la rap la Nako 2 Nako, na Arusha hii hii ndiyo iliyowatoa X Plastaz waliochanganya rap na uimbaji wa Kimasai. Vijana wa mtaa wanajua historia hiyo na wanajivunia. Kwenye vibanda vya vinyozi na studio ndogo utakuta nyuso za wanamuziki, kofia, vipaza sauti, na herufi nene zilizofungamana ambazo chalii aliyechora anaweza kukusomea moja moja akifurahi kwamba umeuliza. Hizo herufi ni za rangi ya kopo la kupulizia. Ni ghali kuliko brashi, ndiyo maana huzioni kila mahali, na ukiziona ujue kuna mtu alijibana ili apate makopo hayo.

Unga Limited, mtaa uliopewa jina la kampuni ya kusaga nafaka, ni mahali pa gereji, maghala na mashine. Michoro yake ni ya kikazi, mikubwa, haina madoido. Kijenge na Sanawari nimetembea pia, ila sina mengi ya kusema zaidi ya kwamba kuta za shule ndizo zilizonivutia: ramani ya Tanzania yenye mikoa ya rangi tofauti, mfumo wa chakula tumboni, jedwali la kuzidisha, irabu zenye picha ya embe na ua. Hizo zitazame ukiwa nje ya geti. Ukitaka kuingia, nenda siku ya kazi, umwone mwalimu mkuu kwanza, na watoto usiwapige picha.

Kuna jambo lililonifurahisha zaidi nilipolijua: ukuta unaweza kukwambia umri wake. Kampuni za simu zilipaka nyumba nzima nzima kwa rangi zao, na kila kampuni ilipobadilisha jina, fundi alirudi na kopo jipya. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Tigo ikawa Yas mwishoni mwa 2024. Kwa hiyo ukikuta njano na nyekundu ya Celtel inachungulia mahali rangi ilipobanduka, unajua safu hiyo ilikuwepo kabla ya 2008, na mchoro uliopigwa chini yake ni wa zamani zaidi. Nimeona ukuta wa duka la mangi wenye tabaka za namna hiyo, na chini kabisa, pembeni, mkono wa mtu ulioshika kikombe. Nani alikuwa anakunywa nini, wala mangi mwenyewe hakujua, maana alilikuta duka limeshapakwa.

Usiache kusoma maandishi pia. "Nyumba hii haiuzwi" limeandikwa kwa sababu kuna mtu alijaribu kuiuza bila mwenyewe kujua. Alama nyekundu ya X inaonyesha nyumba imeingia hifadhi ya barabara. Matawi ya Simba na Yanga yana kuta za kushindana, nyekundu na nyeupe huku, kijani na njano kule. Katika vijiwe hivyo agiza kahawa na kashata, ukae. Mtu akikuona unatazama ukuta kwa makini, atakuja kukueleza mwenyewe.

Adabu ni muhimu kuliko kamera. Mlango ni wa mtu na biashara ni yake. Akiwepo, anza na salamu: shikamoo kwa mzee au mama, na kwa rika lako salamu yenu. Kisha omba: "Samahani kaka, mchoro wako umenipendeza, naomba niupige picha." Watu huuliza unafanyia nini, na wana haki, maana wapo waliopigwa picha wakaja kutozwa au kuvunjiwa. Jibu ukweli. Kama ni kinyozi, kaa unyolewe. Kama ni mama lishe, kula. Picha mtumie fundi kwa WhatsApp, kwa sababu wengi hawana kumbukumbu nzuri ya kazi zao na picha hiyo itamsaidia kupata kazi nyingine. Ukiiweka mtandaoni, taja jina lake la kazi ikiwa amekubali. Kituo cha polisi, kambi na ofisi za serikali usielekeze simu huko hata kama ukuta unapendeza. Na unapopiga picha simama upande wa ukuta, usiipe barabara mgongo, kwani vibaka wa pikipiki hunyakua simu wakipita.

Ukipata siku nzima, toka nje ya mji kwa barabara ya Moshi hadi Imbaseni, mbele ya Usa River. Hapo kuna kituo cha jamii cha UAACC (United African Alliance Community Center), kilichoanzishwa mwaka 1991 na Pete O'Neal pamoja na mkewe Charlotte, anayejulikana kama Mama C. O'Neal aliongoza tawi la Black Panther, chama cha Wamarekani weusi cha kupigania haki, katika mji wa Kansas City, akaikimbia Marekani mwaka 1970, akafika Tanzania mwaka 1972. Mama C mwenyewe ni mchoraji, mshairi na mwanamuziki. Kuta za kituo zimechorwa historia ya mapambano ya watu weusi, na kuziona zikiwa chini ya Mlima Meru, kijijini, watoto wakipita na madaftari, kulinibadilisha namna ninavyofikiri ukuta unaweza kubeba nini. Ni nyumbani kwa watu, kwa hiyo wasiliana nao kabla ya kwenda.

Nakusihi uende mapema. Mabango ya turubai yanayochapwa kwa mashine ni ya haraka, na mwenye duka anayeanza leo mara nyingi huchagua hayo. Mji nao unajengwa kwa kasi, uwanja mpya wa AFCON ya 2027 ukiwa mfano, na barabara ikipanuliwa kinachoondoka kwanza ni vibanda vya mbele, yaani vinyozi, mama lishe na mafundi viatu, walewale wenye michoro. Piga picha ya mtaa wako mwenyewe kwanza, kabla ya kwenda wa mbali, na kila picha uiandikie mtaa na mwezi.

Na kama una duka, saluni au hata ukuta wa uani, mpe fundi kazi. Hilo ndilo linaloiweka sanaa hii hai kuliko picha zetu zote. Mtapatana kwa kazi nzima, na mkubaliane mapema nani ananunua rangi. Ukuta wa simenti unataka praima kwanza; mlango wa chuma upigwe msasa kuondoa kutu, kisha rangi ya mafuta, ambayo fundi huilainisha kwa tina. Mwache apige mistari yake kwa uzi na chaki, usimharakishe, maana kosa la mstari halifichiki baadaye. Nyekundu hupauka upesi juani, kwa hiyo kama ukuta unatazama magharibi, muulize fundi angeanza na rangi gani. Plasta mpya iache ikauke kabisa, na kazi yenyewe uipange baada ya masika. Sehemu ya chini, hadi usawa wa goti, ipakwe rangi nyeusi ya mafuta ili tope likirukia lifutike kwa kitambaa.