Mdogo wangu, andikisha jina usharikani kabla hujalipa hata dola moja ya chuo

Usilipe hiyo amana ya chuo kabla hujasoma hapa mpaka mwisho.

Umeandika kwamba umekubaliwa chuo cha Kilutheri hapa Minnesota, utasoma dini miaka minne, ukimaliza utabarikiwa kuwa mchungaji, na kwa sasa unasali na ushirika wa Kiswahili unaokutana Jumapili saa tisa alasiri kwenye kanisa la kuazima. Ukauliza somo kuu liwe lipi, ukae bwenini au kwa shangazi, na kama kibarua cha chuoni kitakuachia nafasi ya kwaya. Waliokutangulia kukujibu wamesema hongera, Mungu akutangulie. Mimi nimeshtuka. Sentensi yako ya kwanza ningeweza kuiandika mimi mwaka 2011, neno kwa neno, na imenigharimu miaka miwili pamoja na deni ambalo mpaka leo nalilipa.

Chuo hakimbariki mtu. Shika hilo kwanza. Chuo cha Kilutheri cha hapa, hata kiwe na kanisa katikati ya uwanja na ibada kila asubuhi, hakina mamlaka ya kukupa kola. Kinakupa shahada ya kwanza, basi. Anayekuita ni kanisa, na kanisa hapa linaanzia usharikani, yaani kanisa la mahali lenye kitabu cha washiriki wake, linapanda kwenye sinodi, yaani ile tunayoiita dayosisi nyumbani. Kama jina lako halimo kwenye kitabu cha usharika wa ELCA, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani, kwao wewe ni mgeni mpendwa sana anayeimba vizuri.

Najua kosa hili linatoka wapi, kwa sababu mimi na wewe tumelelewa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania. Nyumbani ukisikia fulani yuko Makumira, kwenye chuo chetu cha wachungaji, umeshajua dayosisi imemtuma. Alianza mtaani, pengine akawa mwinjilisti, wazee wa kanisa wakamjua, mkuu wa jimbo akamjua, ndipo akapelekwa chuoni. Kwa hiyo kichwani mwetu chuo na uchungaji ni kitu kimoja: aliyeingia mlango ule atatokea madhabahuni. Hapa mambo mawili yametenganishwa. Vyuo hivi ni vya elimu pana. Mtu anasoma historia, biolojia, muziki, falsafa na dini, na aliyekaa kushoto kwako kwenye darasa la Agano Jipya anajiandaa kuwa daktari, wa kulia hajui kama Mungu yupo. Somo la dini pale ni somo kama sosholojia. Uchungaji unasomewa baadaye, seminari, shahada ya pili inayochukua kwa kawaida miaka minne, mmoja wapo ukiwa wa mafunzo kwa vitendo usharikani. Na sambamba na masomo yote hayo kuna njia ya kanisa yenyewe, yenye kamati yake na milango mitatu: kuingia, kuidhinishwa, kupitishwa. Nyumbani kutumwa kunatangulia chuo. Hapa unaweza kumaliza chuo bila mtu yeyote kukutuma, na hakuna atakayekuuliza mpaka siku umechelewa.

Mimi niliulizwa Juni 2015. Nilikuwa nimehitimu mwezi mmoja uliopita, shahada ya dini, alama nzuri, mama amepika pilau kwa watu sitini. Nikaenda ofisi ya sinodi na bahasha yangu: cheti, barua mbili za maprofesa, picha ya pasipoti. Mama mmoja mzee, mpole kabisa, akaniuliza: wewe ni mshiriki wa usharika gani? Nikautaja ushirika wetu wa Kiswahili. Akatafuta kwenye kompyuta. Akatafuta tena. Akaniambia jina hilo halipo kwenye orodha ya sharika zao.

Ushirika wetu ulikuwa unapangisha jengo, basi. Jengo lilikuwa la Walutheri wa ELCA, liturujia tulitumia ile ya kwetu, nyimbo za kwetu, kipaimara tulifundisha, lakini kwenye vitabu vya kanisa la hapa hatukuwepo. Miaka minne yote niliyoongoza ibada, nikahubiri, nikazika, haikuhesabiwa hata siku moja. Wanataka uwe mshiriki hai wa usharika wao kwa angalau mwaka mzima kabla kamati haijaamua kama unaingia kwenye njia ya uchungaji. Nikamwambia mimi ni Mlutheri tangu ubatizo, KKKT na ELCA wote tumo kwenye Fungamano la Kilutheri Duniani, hata hapa St. Paul sinodi yenu ina urafiki na Dayosisi ya Iringa, mnauita Bega kwa Bega! Akasema kweli, na karibu sana, na mwaka unaanza kuhesabiwa siku utakayoandikishwa.

Kuhesabu mwaka si kitu kama una pa kujishikiza. Mimi nilikuwa na mkopo. Serikali ya Marekani humkopesha mwanafunzi anayetegemea wazazi mpaka dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, kisha 7,500 na 7,500. Jumla 27,000, na mimi nilizichukua zote. Hazikutosha, kwa hiyo mama akatia sahihi mkopo wa benki wa 14,000 ambao riba yake ilianza kutembea siku ileile. Ukihitimu Mei, serikali inakupa miezi sita ya kupumua. Novemba bili ikaja. Ningekuwa nimeingia seminari Septemba ile, mkopo wa serikali ungesubiri nimalize kusoma. Sikuwa seminari. Nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba yao ya malezi, zamu ya usiku, saa tano mpaka saa moja asubuhi, miaka miwili. Najua wapo watakaosema nilipungukiwa imani. Imani ilikuwepo, tena ya kuhamisha mlima, ila mlima wenyewe ulikuwa unalipiwa riba kila mwezi.

Na bado sijafika penye kuuma. Kuna ufadhili wa kanisa unaoitwa Fund for Leaders, unaosomesha watu seminari, na huo humfikia mtu aliyekwisha kuingia kwenye njia ya sinodi. Laiti ningeandikishwa usharikani mwaka wangu wa kwanza wa chuo, ningeonana na kamati nikiwa mwaka wa tatu au wa nne, ningehitimu nikiwa na mlango wa kwanza umefunguka, na ningeomba ufadhili huo pamoja na wenzangu. Kujiandikisha hakulipiwi. Ni kuongea na mchungaji, kusimama mbele ya usharika Jumapili moja, kuandika jina. Dakika ishirini. Kwa kukosa dakika ishirini nimebeba wazee usiku kwa miaka miwili, na mama yangu akawa anapigiwa simu na benki akiwa kazini.

Nilipofika mbele ya kamati hatimaye, 2017, waliniuliza habari za wito wangu kwa muda, kisha wakataka kuona madeni yangu, yote, kwenye fomu. Wanaangalia hilo kwa makini, kwa sababu mchungaji wa usharika mdogo hawezi kulipa deni kubwa kwa mshahara wa kule, na usharika unaumia naye. Nilitoka jasho kwenye fomu ile kuliko kwenye tathmini ya mwanasaikolojia, ambayo nayo ipo, pamoja na kuchunguzwa rekodi za polisi. Usiogope hivyo viwili. Ogopa fomu ya madeni.

Sasa niseme waliyonifanyia. Kulikuwa na afisa wa udahili wa chuo, alikuja mpaka nyumbani, akala ugali wetu, akamwambia mama kwa tabasamu, "Wachungaji wetu wengi wametoka hapa." Hakudanganya. Kweli wengi wamepitia pale. Ila alijua mama anasikia nini, na akamwacha asikie hivyo, kwa sababu alikuwa na viti vya kujaza. Hata mara moja hakutaja neno sinodi. Na kulikuwa na mzee wetu mmoja wa ule ushirika, mtu niliyemheshimu kama baba, aliyeniambia, "Wewe soma tu, ukishapata karatasi tunamwita askofu anakubariki." Askofu gani? Kwa barua ipi ya wito? Hapa hata aliyemaliza seminari na kupitishwa na kamati habarikiwi mpaka usharika fulani umpe barua ya wito. Mzee hakujua, na badala ya kusema sijui, akasema kwa sauti ya mtu anayejua. Nimemsamehe. Lakini nikisikia mzee mwingine anamwambia kijana "soma tu", natoka nje.

Kwa hiyo sikia, na nitalirudia hata ukichoka: kitabu cha usharika kwanza, chuo baadaye. Usiache ushirika wako wa Kiswahili, mimi sikuacha wangu. Uliza tu swali moja: je, sisi ni usharika wa ELCA, au tumepanga? Kuna ibada za Kiswahili zilizo ndani ya sharika za ELCA kabisa, huenda yenu ni mojawapo, na kama ndivyo, uliza kama jina lako limeandikwa, si kama unajulikana. Kama mmepanga, jiandikishe kwenye usharika wenye jengo, asubuhi sali nao, alasiri imba na wenzako.

Tena jambo lingine, na hili wewe kama binti linakuhusu kuliko lilivyonihusu mimi. Hukutaja jina la chuo. Umesema "cha Kilutheri". Mdogo wangu, Kilutheri kipi? Hapa Minnesota kuna Concordia ya Moorhead na kuna Concordia ya St. Paul, jina moja, makanisa mawili. Ya Moorhead ni ya ELCA. Ya St. Paul ni ya Sinodi ya Missouri, ambayo licha ya jina ni kanisa zima lililo kando na ELCA, na Missouri hawambariki mwanamke kuwa mchungaji. Kule New Ulm kuna chuo cha Sinodi ya Wisconsin, kanisa jingine tena, na wao pia hawabariki wanawake. ELCA wanabariki, makanisa yaliyoungana mwaka 1988 kuizaa yalianza kufanya hivyo tangu 1970. Wamissouri wanaandaa walimu na mashemasi wanawake kwa uzito sana, na kama wito wako ni kufundisha shule ya kanisa, njia yao ni fupi na imenyooka kuliko ya ELCA. Lakini umesema mchungaji. Angalia barua yako ya kukubaliwa usiku huu huu.

Kuhusu somo kuu, si lazima liwe dini. Seminari inataka shahada ya kwanza, haikuchagulii ya nini. Luther mwenyewe aliingia chuo kikuu cha Erfurt 1501 kusoma sanaa, akapata shahada ya uzamili 1505, akaanza sheria kabla ya kukimbilia utawa. Ningerudi nyuma ningesoma uhasibu au uuguzi, nikaongeza Kigiriki, lugha ya Agano Jipya. Kigiriki usikiache kama chuo kinakifundisha. Mimi nilikimeza seminari majira ya joto, sura nzima kwa siku mbili, na ilikuwa mateso. Nasema uhasibu kwa sababu kanisa la hapa linapungua. ELCA ilianza na zaidi ya waumini milioni 5, sasa wako chini ya milioni 3, na sharika nyingi za vijijini haziwezi kumlipa mchungaji mshahara kamili. Mwenye ujuzi mwingine anaishi. Halafu Luther alifundisha kwamba kazi ya kawaida ya kumtumikia jirani nayo ni wito, kwa hiyo muuguzi anayemgeuza mgonjwa kitandani ana wito kama mhubiri. Hilo niliwahi kulisoma darasani nikalijibu vizuri kwenye mtihani, lakini nililielewa saa tisa usiku, nimemshika mzee wa miaka tisini na moja anayeniita kwa jina la mwanawe. Nilipofika kwenye zile saa 400 za huduma ya kichungaji hospitalini, ambazo kila mwanafunzi lazima azipitie, wenzangu waliogopa kuingia vyumbani. Mimi nilijua pa kushika.

Nilibarikiwa 2021. Nina sharika mbili ndogo, moja ina watu thelathini na wawili Jumapili ikiwa hakuna theluji. Naipenda kazi hii kuliko ninavyoweza kuandika hapa, na ndiyo maana nimekuandikia kwa ukali.

Leo fanya hivi. Mtumie ujumbe mchungaji wako wa kule nyumbani, aandike barua ya utambulisho kwa Kiingereza, ikiwa na tarehe ya ubatizo na ya kipaimara, igongwe muhuri wa usharika. Kesho saa tatu ofisi za makanisa hapa zinafunguliwa, piga simu useme unataka kujiandikisha kuwa mshiriki, na kwamba ungependa kuonana na mchungaji kuhusu njia ya uchungaji kwenye sinodi. Akikuuliza umesikia wapi habari za hiyo njia, mwambie kaka yako amekuambia. Halafu rudi hapa uniandikie jina la chuo.